Kuchora upya mchoro wa vifo wa Florence Nightingale

Swali: Ndugu zangu, ninaandaa nakala ya kidijitali ya mchoro wa muuguzi Mwingereza Florence Nightingale wa mwaka 1858, wenye maduara mawili, moja kwa kila mwaka, yaliyogawanywa vipande vya kila mwezi, unaoonyesha vifo vya wanajeshi wa Uingereza katika Vita vya Krimea. Je, nifuatishe mistari ya picha iliyoskaniwa, au nichore upya kutokana na takwimu zenyewe?

Jibu: Tumia takwimu, ndugu, lakini zingatia kwamba kiwango cha vifo huonyeshwa na eneo la kila kipande kuanzia kitovuni, wala si urefu wake, hivyo nusu kipenyo sharti ilingane na kipeuo cha pili cha kiwango hicho. Mwezi Januari 1855 magonjwa yaliyoweza kuzuilika yaliua 2,761 na majeraha 83. Ukitumia urefu, utakuza tofauti ambayo tayari inatisha.

Jibu: Naongezea kuhusu rangi. Buluu ya magonjwa, nyekundu ya majeraha na nyeusi ya sababu nyingine zote huanzia kitovuni na kulaliana. Wanaozipanga moja baada ya nyingine wanaharibu kazi yake. Duara la mwaka wa kwanza libaki kulia, kama alivyoliweka.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nitachora kwa takwimu, na picha ya awali nitaihifadhi kando bila kuisafisha.