Nguo za bei chee: msimbebeshe mnunuzi lawama yote

Wadau nimeufuatilia huu mjadala tangu jana usiku. Swali lilikuwa fupi tu, hizi nguo za bei chee zinazotoka mpya kila wiki nani alaumiwe, na naona mmegawanyika mafungu mawili. Kuna dada kaandika kwamba mwenye kosa ni mnunuzi, kila anayebeba tisheti ya bei ya kutupwa kashiriki kumnyonya aliyeishona. Halafu kuna mkuu mwingine anasema tuache kelele, bila hivyo viwanda hao akina dada wa Bangladesh wasingekuwa na kazi kabisa. Mi sikubaliani na yeyote kati yenu, ila nianze na dada maana lake limenigusa.

Mi ni fundi cherehani, kwa hiyo niongelee ninachokishika kila siku. Chukua tisheti yoyote uliyonayo hapo, igeuze ndani nje, angalia pale mkono unapoungana na bega. Utaona ovaloki, ule mshono unaofunga ukingo wa kitambaa usifumuke, ndo umeunganisha mkono na kiwiliwili. Ule mshono haukupigwa na mashine peke yake. Kitambaa cha tisheti kinavutika, ukikikaza kinakwenda upande, ukikilegeza kinajikunja, roboti mpaka leo zinahangaika nacho, ndo maana na teknolojia yote hii bado kuna mtu kakaa kwenye kiti kashika huo mkono kwa vidole anauzungusha taratibu chini ya sindano. Na kwenye viwanda vikubwa huyo mtu hashoni tisheti nzima, anashona mkono tu, kutwa nzima, kesho tena mkono, na kuna hesabu anatakiwa aifikishe kila saa. Mi mwenyewe nikipiga kazi ya aina moja asubuhi mpaka mchana shingo inakufa ganzi, na hapo hakuna aliyesimama nyuma yangu ananihesabia.

Kwa hiyo dada yuko sahihi kwamba kuna mtu anaumia. Ila mnunuzi atamjuaje? Lebo nyingi zinataja nchi tu, hazitaji kiwanda wala mshahara. Na bei kubwa haikuambii kitu, kiwanda kimoja kinaweza kuwashonea wa bei ya chini na wa bei ya juu kwa mashine zilezile. Burberry, kampuni ya nguo za kifahari ya Uingereza ambayo hakuna anayeiita ya bei chee, kwenye hesabu zao za 2017/18 walionyesha wameharibu bidhaa zisizouzwa za pauni milioni 28.6, watu walipochachamaa ndo wakatangaza kuacha kuzichoma. Sasa unamlaumu mwenye kipato kidogo anayemnunulia mtoto nguo, unamwacha anayechoma mzigo mpya?

Tukumbuke Rana Plaza, jengo la ghorofa 8 lenye viwanda vya nguo kule Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Aprili 23, 2013 kuta zikaonekana zina nyufa. Benki na maduka ya chini vikafungwa, watu wakaondoka. Washonaji wa juu wakaambiwa kesho yake warudi kazini, oda lazima itoke, na asubuhi ya tarehe 24 jengo likashuka lote, wakafa watu 1,134 na wengine kama 2,500 wakaumia. Hilo huwa silisahau, ufa ni uleule, jengo ni lilelile, mfanyakazi wa benki yuko nyumbani na mshonaji yuko ndani. Nani aliyaamua hayo, mnunuzi aliyekuwa dukani?

Na kilichobadilisha mambo baada ya pale hakikuwa sisi kuona huruma. Ni mkataba, ule wanaouita Accord, uliosainiwa mwaka huohuo kati ya vyama vya wafanyakazi na kampuni za nguo ambazo baadaye zilipita 200. Mkataba wenye nguvu ya kisheria, wahandisi wa kujitegemea wanaingia kiwandani, ripoti zinawekwa wazi, kiwanda kikigoma kurekebisha kinakosa oda. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea ukaguzi wa hiari na vyeti. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kule Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi Agosti 2012, Septemba 11 kikaungua, wakafa zaidi ya 250, madirisha yana nondo na milango mingine imefungwa. Cheti wanacho.

Sasa nije kwa yule mkuu wa hoja ya kazi. Sikatai kwamba mshahara wa kiwandani umewalisha wengi, na mi pia naishi kwa sindano. Lakini unaongea kana kwamba kuna njia mbili tu, kazi ya hivyo au njaa. Wenyewe washonaji hawajaomba viwanda vifungwe. Mwaka 2023 waliingia barabarani Bangladesh wakidai kima cha chini cha mshahara kiwe taka (hela ya Bangladesh) 23,000 kwa mwezi, serikali ikatoa 12,500, na kuna waliouawa kwenye yale maandamano. Wanaitaka kazi, ila wanataka ilipe. Mnaowatetea mngesikiliza kwanza wanachodai. Halafu 2020 korona ilipoingia, kampuni kubwa zilifuta oda, nyingine zimeshashonwa tayari, na viwanda vikawaacha wafanyakazi bila malipo. Mtu kamaliza kazi, nguo ziko kwenye maboksi, anaambiwa hakuna hela!

Kuhusu aliyeshauri tununue zenye lebo ya kijani, yaani zinazonadiwa kuwa rafiki wa mazingira, niseme kidogo tu. Polista inayotokana na chupa za plastiki bado ni polista, ukiifua inamwaga vinyuzinyuzi vinavyokwenda mpaka baharini, na chupa ile ingeweza kurudi kuwa chupa tena ila ikishachanganywa na pamba kwenye kitambaa kuitenganisha ni kazi kubwa mno. Hata Uholanzi mamlaka ya masoko iliwabana wauza nguo H&M na Decathlon mwaka 2022 wakaahidi kurekebisha au kuondoa hayo maneno yao ya kijani, maana hayakuwa na maelezo ya kutosha.

Mi ninachotaka ni sheria inayomfuata mwenye jina lililoko kwenye lebo. Na zimeanza. Kule California, Marekani, tangu 2022 hairuhusiwi kumlipa mshonaji kwa kipande, lazima alipwe kwa saa, na mwenye nembo naye anadaiwa mshahara usipolipwa, hawezi kujificha nyuma ya mkandarasi. Umoja wa Ulaya umeweka marufuku ya kuharibu nguo zisizouzwa, kwa kampuni kubwa inaanza Julai 2026. Mtasema nguo zitapanda bei mnyonge aumie, ila ujira wa kushona ni sehemu ndogo sana ya bei ya tisheti dukani, hata ukiuongeza mara mbili haiwi tisheti ya bei mbili.

Tundu lililobaki ni fidia. Ujerumani tangu 2023 ina sheria ya mnyororo wa ugavi, yaani inayoitaka kampuni kubwa iangalie haki za wafanyakazi wa viwanda vinavyoitengenezea bidhaa, kampuni inaweza kupigwa faini, lakini sheria hiyo yenyewe haimpi aliyeumia haki mpya ya kudai fidia. Hapo ndo nataka mkuu wa hoja ya kazi na dada wote mnijibu: yule anayeshona mkono wa tisheti, ukuta ukimwangukia kesho, anamshtaki nani, na kwenye mahakama ya nchi gani?