Mmeniuzia plastiki mkaiita glita ya kuoza, halafu mnaniambia "ni suala la muda"

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo lugha ikiteleza mnivumilie.

Kazi yangu ni kupamba nyuso na miili: wacheza ngoma, waigizaji, maharusi wanaotaka kumeremeta, watoto wenye maonyesho. Glita, zile chembe ndogo zinazometameta, ndiyo jembe langu. Kwa muda sasa wateja wamekuwa wakiniuliza swali moja tu, "Hii inaoza?", nami nikaona haya kuendelea kujibu kwa kucheka. Nikatafuta, nikapata kikopo kilichoandikwa kwa herufi kubwa: inaoza, ya asili, rafiki wa ngozi, salama kwa macho. Majani ya kijani pande zote, na katone ka maji juu ya kifuniko. Bei yake mara kadhaa ya ile niliyozoea. Nikalipa bila kinyongo.

Wa kwanza kumpaka alikuwa mtoto wa dada yangu, ana miaka 9, alikuwa na mchezo wa jukwaani. Mashavuni, na juu ya kope kidogo tu. Usiku akanijia: "Mamdogo, jicho linanikwaruza." Kumwangalia, jicho jekundu, machozi yanatiririka yenyewe. Nikalimwagia maji safi, wapi. Daktari alipougeuza ukope wa juu alikuta kipande kimoja chenye pembe sita kimejibandika ndani kama kigae. Kila mtoto akipepesa, kinapita juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, kinachuna. Kipande kimoja, wakuu, huwezi hata kukiona kikiwa kwenye ncha ya kidole.

Nikarudi nyumbani nikakikamata kile kikopo. Nyuma kulikuwa na stika ya majani ya kijani, imekaa mahali pa ajabu kidogo. Nikaichokonoa kwa ukucha. Chini yake ndiyo orodha yenyewe ya viambato, herufi kama sisimizi: Polyethylene Terephthalate, Aluminum, Acrylates Copolymer. Hiyo ya kwanza ndiyo PET, plastiki ile ile ya chupa za maji. Yaani mtu alikaa chini, akafikiri, akaamua stika ibandikwe pale pale!

Nikampigia muuzaji. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada yangu, kila kitu huoza, ni suala la muda."

Nusura nitupe simu.

Sitamtaja, maana najua hayuko peke yake, na wengine mko humu mnasoma. Ila tuelewane kwenye jambo moja: neno "inaoza" likisimama peke yake kwenye kikopo halina maana yoyote. Glita ya kawaida ni karatasi nyembamba ya PET, inapakwa utando wa aluminiamu ili ing'ae, juu yake rangi na tabaka jingine la plastiki, kisha inakatwakatwa vipande vya pembe sita. Ile inayooza kweli msingi wake ni selulosi, kitu kile kile kilichomo kwenye miti, mara nyingi mikaratusi. Kwenye lebo utakuta imeandikwa Cellulose au Regenerated Cellulose, na inatakiwa kuwa ya kwanza kwenye orodha, siyo imejificha mwishoni kwa ajili ya mapambo.

Nami kwa ubishi wangu nikajaribu. Nikatoka nje, nikashika chembe kidogo kwa kibano, nikawasha kiberiti. Ilijikunja, ikayeyuka, ikabaki kitone cheusi kigumu. Nikachukua ya selulosi niliyopewa na mpambaji mwenzangu, hiyo ikaungua kama karatasi, ikawa majivu. Msijaribu ndani ya nyumba, na msivute huo moshi.

Sasa msidhani nikisema selulosi ndiyo kila kitu kimekwisha. Zile za mwanzo mwanzo zilikuwa na msingi wa selulosi lakini juu yake zimepakwa utando mwembamba wa plastiki. Ukiona Styrene/Acrylates Copolymer kwenye orodha, jua ndiyo hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, walichapisha matokeo yao 2020: baada ya siku 36 majini, glita ya plastiki na hata ya selulosi zote zilipunguza urefu wa mizizi ya magugumaji madogo yanayoelea, na ile ya selulosi ikawaongeza maradufu konokono wa tope wa New Zealand, ambao huko Uingereza ni wageni wavamizi. Kwa hiyo hata ukiwa na ile nzuri, usinawe uso ukaiacha iende na maji. Futa kwanza kwa pamba yenye mafuta, pamba iende kwenye pipa la taka. Mafuta huing'oa bila kusugua, na ngozi haichubuki. Wanaosugua kwa kitambaa kikavu halafu wanalalamika wametokwa na vipele, jamani!

Kuna na hawa wa PLA. Hii ni plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mimea, kwa hiyo muuzaji anasema "ya mimea" na kweli hadanganyi. Anachokiacha ni kwamba inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la kama nyuzi 60 ndipo ioze vizuri. Baharini hakuna joto hilo. Mtoni hakuna. Kwenye bomba la bafu lako hakuna.

Muuzaji akikuambia inaoza, muulize inaoza wapi na kwa kipimo cha nani. Vipimo vipo. Shirika la TÜV Austria lina nembo ya kuoza kwenye maji baridi ya mito na maziwa, na ili bidhaa ipewe, angalau asilimia 90 yake iwe imevunjwavunjwa ndani ya siku 56. Wana nembo nyingine ya mboji ya nyumbani, na nyingine ya mboji ya kiwandani. Hizo tatu siyo kitu kimoja! Wengi wanachukua ya kiwandani wanaipigia debe kama vile ni ya mtoni.

Na biashara hii imenoga kwa sababu. Umoja wa Ulaya ulizuia glita huru ya plastiki, yaani ile isiyochanganywa ndani ya bidhaa nyingine, isiingizwe sokoni kuanzia 17 Oktoba 2023, ingawa mekapu, rangi za midomo na za kucha wamezipa muda hadi 2035. Tangu hapo neno "inaoza" limekuwa mali, kila mtu analibandika, wengine juu ya orodha ya viambato.

Kuhusu ngozi, hapo nina ugomvi na wapambaji wenzangu pia. Kuoza ni jambo moja, usalama wa ngozi ni jingine. Glita ya kazi za mikono, ya kubandika kwenye kadi, haijatengenezwa kwa ajili ya uso hata kama inaoza: vipande ni vikubwa, kingo zinakata, rangi zake hazikupimwa kwa ngozi, seuze kwa jicho. Karibu na macho mimi sasa sivuki vipande vya milimita 0.2, na kwenye ukope wenyewe siweki tena kabisa, natumia unga wa maika. Maika ni madini, hayaozi lakini si plastiki. Chukueni ya kutengenezwa maabara, kwenye lebo huandikwa Synthetic Fluorphlogopite, maana ya kuchimbwa ina historia chafu ya watoto machimboni, huko Jharkhand na Bihar nchini India, na Madagaska.

Halafu gundi. Nusu ya vipele mnavyoisingizia glita ni gundi ya kope yenye mpira, au jeli yenye manukato na Methylisothiazolinone, kihifadhi ambacho Ulaya kilikatazwa tangu 2017 kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha. Jaribu glita pamoja na gundi yake nyuma ya sikio, subiri saa 48. Mteja akiwa na haraka, aende kwa mwingine.

Mtoto anaendelea vizuri, jicho limetulia, ila sasa hataki hata poda. Hela yangu sijarudishiwa. Jana usiku, nikidhani ndiyo ananiomba radhi, yule muuzaji kanitumia ujumbe: "Dada yangu, ile ya dhahabu imeingia tena, nikuwekee vingapi?"