Ukuta unatoa unga mweupe na rangi inabanduka, nishapaka mara tatu, naombeni msaada

Mama_Kinyerezi:
Habari za jioni wakuu. Nyumba yangu ipo Kinyerezi, tumehamia 2019. Mi sio fundi ila vitu vidogo vidogo nafanya mwenyewe, kubadili koki, kufunga taa, kupaka rangi. Sasa kuna kuta mbili zinanitesa, wa sebuleni upande unaotazama uani na wa chumba cha watoto unaopakana na bafu. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti rangi inafura kama lengelenge, ukigusa inapukutika, nyuma yake unakuta unga mweupe kama chumvi kabisa.

Mara ya kwanza nilipiga msasa nikapaka rangi, masika ilipoingia ikarudi. Mara ya pili nikakwangua nikapiga skimu ya jipsamu, ikakaa miezi minne tu ikawa laini kama uji uliopoa. Mara ya tatu nikaita fundi rangi akasema dawa yake ni rangi ya mafuta maana maji hayapiti, akachukua hela yake akapaka, saivi ndo pabaya kuliko mwanzo, inatoka vipande vikubwa kama maganda. Na huko chumbani kuna harufu ya ukungu, mtoto wangu wa mwisho anakohoa usiku. Sina hela ya kuvunja ukuta wala sitaki kupaka mara ya nne bila kuelewa. Nianzie wapi?

mkazi_wa_Goba:
Pole sana dada. Huo ni mchanga wa chumvi, mafundi wa tofali wengi wanatumia mchanga wowote unaokuja na lori, na wengine wanakorogea maji ya kisima yenye chumvi. Mimi ya kwangu ndo ilivyokuwa nikaishia kubandika vigae mpaka usawa wa kiuno, ukuta hauonekani tena.

FundiMstaafu_Tegeta:
Dada yangu usibandike vigae kwanza tafadhali. Vigae vinaficha tu, maji yanabaki nyuma yanapanda juu zaidi yanatokea pale vigae vinapoishia.

Na ndugu wa Goba sikukatalii kwamba mchanga wa chumvi upo, upo na unasumbua watu hasa Kigamboni na huku pwani. Lakini tofali zingekuwa na chumvi ungeona unga unatoka ukuta mzima mpaka karibu na linta (ile boriti ya juu ya milango na madirisha), usingeishia kwenye goti. Chumvi haitembei yenyewe, inabebwa na maji. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki hapo, inakuwa punje, zile punje ndo zinasukuma rangi. Kwa hiyo swali ni moja tu, maji yanatoka wapi? Naomba unijibu haya:

Pale nje ya ukuta wa sebule pana nini, udongo, saruji au pevingi? Na kama ni pevingi iliwekwa lini?

Bafu linatumia maji ya bomba moja kwa moja au ya tenki?

Mama_Kinyerezi:
Asante fundi. Nje ni pevingi, tuliweka 2021, kabla ya hapo tulimwaga kifusi malori mawili maana uani maji yalikuwa yanatuama. Sasa ulivyouliza ndo nakumbuka ukuta ulikuwa mzima kabisa kabla ya hapo. Maji yanaingia kwenye simtank ya lita 1000 juu ya mnara halafu ndo yanashuka ndani.

FundiMstaafu_Tegeta:
Basi nakaribia kukuambia una magonjwa mawili kwenye nyumba moja, ila tusibahatishe, pima. Vipimo vyenyewe havina gharama.

Cha kwanza, ukuta wa sebule. Juu ya msingi, kabla ya kuinua tofali, kunakuwa na ile nailoni nyeusi au tabaka la kuzuia unyevu, wengine tunaita DPC. Kazi yake ni kukata maji ya ardhini yasipande kwenye tofali. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya hiyo DPC kwa angalau sentimita 15. Kifusi na pevingi vikipanda mpaka juu yake, maji ya mvua yanaingia kwenye ukuta kwa pembeni, yanairuka DPC kabisa. Toka nje na futi, pima kutoka juu ya pevingi mpaka usawa wa sakafu ya ndani, maana DPC huwa karibu na usawa huo. Ukikuta pevingi imelingana na sakafu au imezidi, umeshampata mmoja.

Cha pili, ukuta wa bafu. Mita ya maji haitakusaidia sana hapa, kama bomba linavuja baada ya tenki mita haioni mpaka tenki lishuke na boya lifungue. Fanya hivi: usiku watu wote wakishalala funga valvu inayoingiza maji kwenye tenki, funga koki zote, mtu mzima apande mnarani (sio mtoto) atumbukize fito ndefu kavu mpaka chini kabisa, aweke alama ya peni pale maji yalipofika. Asubuhi kabla mtu hajafungua koki rudia. Ukikuta yameshuka kuna mahali panavuja. Angalia na tanki la choo, wakati mwingine linavujia bakulini kimyakimya, weka rangi kidogo ya chakula kwenye tanki uone kama inashuka bakulini bila kuflashi.

Kama bado una wasiwasi, kata kipande cha nailoni nene kama karatasi ya A4, kiweke kwenye ukuta, kizungushie gundi ya tepu pande zote nne isipite hewa, kiache saa 48. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba basi ni joto na unyevu wa hewa, fungua madirisha na usogeze kabati.

umeme_wa_mtaa:
Samahani naingilia. Dada, hapo kwenye ukuta wa watoto kuna soketi karibu? Usawa wa goti ndo soketi nyingi zinakaa. Kama ipo toa kila kilichochomekwa, na siku ya kukwangua zima meini swichi kabisa, patasi ikigonga waya kwenye lipu iliyolowa sio kitu cha kuchezea. Nimeona soketi ina kutu ya kijani ndani watoto wanachajia simu.

Mama_Kinyerezi:
Ipo kaka, moja, na kweli ukichomeka chaja inacheza cheza. Nimeitoa kwenye matumizi leo hii, nimebandika tepu juu watoto wasiguse. Asante sana, hilo sikuliwaza.

Mama_Kinyerezi:
Wakuu nimerudi, ni siku ya nne. Nje pevingi imezidi sakafu kwa sentimita 4 kwa upande wa sebule, na nilipochokonoa pembeni na sururu ndogo udongo wa chini ulikuwa umelowa japo mvua haijanyesha wiki nzima. Fito nimepima mimi na mume wangu usiku mbili, maji yanashuka vidole vinne vya mkono kila usiku. Choo nilitia rangi ya chakula, bakuli likabaki jeupe. Ila nilipozima taa nikaweka sikio ukutani nyuma ya miksa ya shawa nasikia kama mchuzi unachemka polepole. Nimelia kidogo maana miaka yote nilikuwa nanunua rangi.

FundiMstaafu_Tegeta:
Pole mama, umefanya kazi ambayo mafundi wengi hawafanyi. Sasa mpangilio ni muhimu, ukianza na lipu utarudia tena.

Bafu kwanza. Hapo nyuma ya miksa tafuta fundi bomba mwenye mashine ya kuchomea PPR (yale mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa joto), kama ni bomba la PPR usikubali azungushie mpira au tepu, kiungo kikatwe kichomwe kipya. Kabla hajaziba ukuta, subiri siku mbili, rudia kipimo cha fito. Yakibaki palepale ndo aweke vigae.

Uani, ng'oa mstari mmoja wa pevingi kando ya ukuta, upana kama sentimita 30, ushushe udongo chini mpaka ukae sentimita 15 chini ya DPC, jaza kokoto. Sehemu iliyobaki hakikisha inateremka kutoka nyumbani kuelekea nje. Hii kazi unaweza mwenyewe na kijana mmoja, siku moja.

Halafu ndani, kwangua lipu mpaka tofali lionekane, pandisha juu ya alama ya unyevu kama nusu mita. Unga mweupe upige na brashi ya waya ukiwa mkavu, ufagie utoe nje. Usiuoshe kwa maji, chumvi itayeyuka irudi ndani. Sehemu zenye ukungu chumbani kwa watoto watoe watoto kwanza, vaa barakoa. Acha ukuta wazi wiki kadhaa, fungua madirisha, ndo maana nakuambia subiri kiangazi usianze karibu na masika. Lipu mpya ni saruji na mchanga wa mto uliooshwa, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, weka na unga wa kuzuia maji, jipsamu usiirudishe chini. Imwagilie siku saba, iache ifike siku 28 ndo upake rangi ya maji.

mkazi_wa_Goba:
Fundi samahani, kumbe mimi nina pevingi vilevile. Kesho napima.

Mama_Kinyerezi:
Nimempata fundi bomba, anakuja Jumamosi, nimemwambia mapema kwamba fito itapimwa kabla ya vigae na amekubali. Pevingi tunaanza Jumapili mchana na kaka yangu. Wakati ukuta unakauka watoto wanahamia chumba cha bibi yao, tayari tumebeba magodoro.