Msaada: asembli (vipande vilivyounganishwa) ya fremu ya tela inavurugika nikiitoa SolidWorks kwenda Ansys

Mchoraji_Tela: Wakuu, habari za kazi. Nimechora kwenye SolidWorks, programu ya kuchorea, fremu ya tela ya ekseli mbili: chaneli mbili ndefu, mihimili ya kukatiza, mabamba ya kushikia springi, pamoja na boliti zake zote. Nataka kuipima mzigo kwenye Ansys, programu ya kuhesabu uimara, kabla fundi hajakata chuma. Kwa faili la aina ya IGES vipande vilifika maganda matupu. Kwa faili la STEP vimefika vizima, ila nikiweka mzigo bamba moja la springi linaruka peke yake, wakati kwenye SolidWorks limekaa vizuri kabisa. Naombeni ushauri.

Kona90: Mkuu, IGES achana nayo. Toleo la mwisho, 5.3, ni la 1996, na mara nyingi inabeba nyuso tu. Kingo zikiachana kidogo, programu inayopokea inashindwa kuzishona. SolidWorks inajenga maumbo yake kwa Parasolid, kwa hiyo hifadhi asembli kama x_t, faili la Parasolid lenyewe, Ansys inaisoma.

Mama_Meshi: Sawa, lakini hata x_t haitalizuia hilo bamba kuruka. Vile vifungo ulivyoweka SolidWorks, uso huu uguse ule, shimo lilingane na shimo, havisafiri. Kinachofika ni umbo la kila kipande na mahali kilipo, basi. Ansys inatafuta yenyewe nyuso zilizokaribiana na kuziwekea mguso. Pengo likizidi kiwango chake, kipande kinaachwa kinaelea. Pima pengo kati ya bamba na chaneli. Halafu, kabla ya mzigo wowote, funga fremu pale itakaposimamia na uendeshe uchambuzi wa mitetemo ya asili. Kipande kisichoshikwa kinajionyesha kwa masafa ya karibu sifuri, unakiona kinavyoogelea kwenye skrini. Mimi siamini asembli yoyote niliyoletewa mpaka ipite hapo.

Mchoraji_Tela: Shikamoo mama. Nimepima, kuna pengo la milimita 0.8. Niliacha nafasi ya kuchomelea.

Mama_Meshi: Marahaba. Basi tengeneza nakala ya asembli kwa ajili ya hesabu tu, humo bamba liguse chaneli. Ya kiwandani iache ilivyo.

Kona90: Kwenye nakala hiyo toa pia nyuzi za boliti, zitakujazia meshi (vipande vidogo vya hesabu) bure. Ukishafungua faili pima urefu wa chaneli moja uhakikishe vipimo havijabadilika. Na mtu asikushawishi utumie faili la STL: haisemi kama namba zake ni milimita au inchi, ni pembetatu tupu.

Mchoraji_Tela: Bamba limetulia. Sasa naanza na mzigo wa breki.