Ushauri wa prosesa: 14700K, 7800X3D, 9700X, au nisubiri Intel mpya? (mwaka 2024)

kisalu_vidio
Habari zenu wakuu. Naomba msaada maana nimeangalia vidio za YouTube mpaka kichwa kinauma na kila mtu anavutia kwake. Mimi naediti harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara msimu wake ukifika. Mashine yangu ni Dell ya mtumba, i7 ya kizazi cha nne na RAM 16GB, nimeibandikia RTX 3060, ila taimlaini ikishakuwa na kamera tatu inakwama hatari, unabonyeza plei unaenda kunywa chai. Nataka kubadilisha prosesa, bodi na RAM, kadi ya grafiki nabaki nayo. Bajeti milioni mbili na nusu, ikizidi kidogo sio kesi.

Nilizonazo kichwani ni Core i7-14700K ya Intel (kuna jamaa Kariakoo ana KF bei imepungua), Ryzen 7 7800X3D ya AMD ambayo vijana wa gemu wote wanaiimba, na Ryzen 7 9700X, ya AMD pia, iliyotoka Agosti hii ya 2024. Halafu kuna wanaoniambia tulia kwanza, Intel wanaleta kizazi kipya cha desktopu kabla 2024 haijaisha. Na lile sakata la Intel za kizazi cha 13 na 14 kuharibika limeishia wapi? Usiku nacheza gemu kidogo, EA FC na GTA, skrini ni 1080p ya kawaida. Niko Dar.

timu_nyekundu
7800X3D, mjadala umefungwa. Ina kache (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya 96MB, hakuna Intel inayoigusa kwenye gemu tangu ilipotoka Aprili 2023, na inakula umeme kidogo wakati hiyo 14700K ikikolea inafika wati 253 peke yake bila kadi ya grafiki. Na LUKU hizi utajuta. Afu soketi ya AM5 (tundu la prosesa kwenye bodi za AMD) AMD wamesema wenyewe mwezi wa sita kwamba wanaendelea nayo hadi 2027 na kuendelea, LGA1700 ya Intel ndo imefika mwisho wa reli, ukinunua leo keshokutwa ukitaka kuapgredi unanunua bodi tena. Mi sioni hata sababu ya kuuliza.

fundi_Nyegezi
@timu_nyekundu punguza jazba mdogo wangu, jamaa kasema kazi yake ni harusi, gemu ni ya usiku. Vile vipimo unavyoviona ambapo X3D inawaacha wenzake mbali wanapima na RTX 4090 makusudi, ili kadi isiwe kikwazo na tofauti ya prosesa ionekane. Yeye ana 3060. Hapo EA FC kwenye 14700K na kwenye 7800X3D atapata kitu kilekile, kadi ndo itakayosema basi. Na X3D kwenye kurenda (kutoa vidio ya mwisho) iko nyuma ya 9700X japo zote ni kori 8 (sehemu nane za kufanya kazi) thredi 16, maana ile kache ya juu inailazimu ikimbie kwa spidi ya chini.

Kuhusu sakata la Intel, kwa ufupi: Julai walikiri kwamba maikrokodi yao (programu ndogo ya ndani ya prosesa) ilikuwa inaiomba bodi volti kubwa kuliko inavyotakiwa, chipu inachakaa taratibu, gemu zinaanza kufunga zenyewe, kwenye kurenda unapata eraa ambazo hazieleweki. Agosti wakatoa maikrokodi 0x129 inayokuja kupitia updeti ya BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine), na waranti wakaiongezea miaka miwili. Kwahiyo chipu mpya kwenye bodi iliyoupdetiwa kabla haijaanza kazi, sina tatizo nayo. Chipu iliyokwisha chakaa updeti haiifufui, na hapo ndo mtego wa hapa kwetu ulipo, utauziwa 13900K "safi kabisa imetumika kidogo" na huna namna ya kujua imekula volti gani huko ilikotoka. Za mtumba za vizazi hivyo viwili mi siziingizi karakana kwangu kwa sasa.

Na timu nyekundu (mashabiki wa AMD) msijifanye malaika, 2023 hizo X3D zilikuwa zinaungua mpaka soketi inavimba, ikabidi bodi zote zitolewe BIOS mpya ya kubana volti ya SoC (sehemu moja ndani ya prosesa) isizidi 1.3. Wote wana ya kwao.

timu_nyekundu
Zilikuwa chache na ilirekebishwa haraka

fundi_Nyegezi
Sawa, na ya Intel nayo imerekebishwa. Ndo nilichosema.

Bi_Taimlaini
Kisalu pole na hongera kwa kazi, mimi pia ni wa harusi, nina miaka kwenye hii biashara. Naona mnabishana kori na wati hakuna hata mmoja aliyemuuliza KAMERA GANI, na hicho ndo cha kwanza.

Iko hivi. Kama unashuti 8-bit 4:2:0 (ndo kiasi cha rangi kamera inachohifadhi), hiyo 3060 yako inaifungua yenyewe bila jasho, prosesa yoyote kati ya hizo tatu itakutosha. Lakini kama unashuti 10-bit 4:2:2 ya H.265, 3060 haiwezi kuifungua, RTX yoyote ya mfululizo wa 40 kushuka chini haiwezi, hata 4090, na ile grafiki ndogo ndani ya Ryzen nayo haiwezi. Inayoweza ni grafiki ya ndani ya Intel, kupitia sehemu yake ya kusoma vidio inayoitwa Quick Sync, kuanzia kizazi cha 11. Ndo maana unamkuta mtu ana mashine ya gemu ya mamilioni afu taimlaini inakwama, na mwenzake ana i5 ya kawaida anateleza tu.

Sasa tazama hiyo KF ya Kariakoo. Herufi F maana yake haina grafiki ya ndani. Haina grafiki, haina Quick Sync. Yani unalipia Intel afu unaacha dukani kitu pekee kilichokufanya mwediti uitake Intel. Usiichukue hata akikupunguzia tena.

Shusha programu ya MediaInfo ni ya bure, fungua klipu moja ya kila kamera, angalia mistari miwili, "Chroma subsampling" na "Bit depth", na juu kidogo angalia fomati ni AVC (H.264) au HEVC (ndo hiyo H.265). Ukirudi na majibu ndo tuongee.

msee_wa_Luthuli
Salamu kutoka Nairobi. Huyo dada ameongea ukweli mtupu. Mimi nauza hizi vitu na naunda mashine, wacha niongeze kitu moja kuhusu AM5 ndio usije ukashtuka ukiamua kuenda hiyo njia. Ukiwasha mara ya kwanza na DDR5 mpya skrini inakaa nyeusi dakika kadhaa, feni zinazunguka, hakuna kitu unaona, taa ndogo ya DRAM kwenye bodi inawaka tu. Inajifunza RAM hiyo. Wateja wangu wengi wanazima hapo katikati wanapiga simu wakilia mashine imekufa. Wacha tu ikae. Pia kama unachukua 9700X hakikisha bodi iko na kile kitufe cha BIOS Flashback, juu bodi nyingi za B650 (za AM5) ziko dukani zilitoka kiwandani kabla ya hiyo prosesa na bila BIOS mpya haziwaki kabisa. Unaweka faili kwa flashi ya FAT32, unaipa jina vile kampuni ya bodi inasema, unafinya kitufe, taa inamulika mpaka imalize. Hata prosesa haihitajiki kuwa ndani.

Kuhusu 9700X yenyewe, si mbaya, ila watu walitarajia makubwa wakapata madogo. AMD waliipunguza hadi wati 65 kutoka 105 ya 7700X iliyoitangulia, kwa hivyo inakaa baridi lakini kwa gemu inapita kaka yake kidogo sana. Kuna updeti ya Windows 11 ya mwisho wa Agosti iliongeza kiasi, lakini iliongezea hata Ryzen za zamani, sasa pengo likabaki palepale. Mimi kwa wateja wa ofisi na wa gemu za kawaida bado nawapa 7700 isiyo na X, inakuja na feni yake kwa boksi.

kisalu_vidio
Asanteni sana, Bi Taimlaini ubarikiwe. Nimeangalia. Kamera yangu ni Sony a6400, inasema AVC, 4:2:0, 8 bits. Lakini harusi nyingi sasa hivi nashirikiana na jamaa mwenye A7 IV, klipu zake nyingine zinasema HEVC 4:2:2 10 bits na nyingine AVC 4:2:2 10 bits. Na kweli nikikumbuka, ni zake ndo zinakwamisha. Nilikuwa najua ni uzito wa faili tu

Bi_Taimlaini
Ndo hapo sasa. Zile za HEVC (kwenye menyu ya kamera yake inaitwa XAVC HS) Quick Sync inazimeza. Zile za AVC 4:2:2 (XAVC S) hata Quick Sync haizifungui, hizo zinabaki mabegani mwa kori za prosesa, na hapo kori 20 za 14700K zinakusaidia kuliko kori 8 za hao wengine. Ongea na jamaa yako ashuti HS pale anapoweza. Ikishindikana tengenezeni proksi (nakala nyepesi za klipu), unaziacha usiku zinajitengeneza, asubuhi unaediti hata kwenye mashine ya Ryzen bila shida. Kuna waediti wazuri tu wanaoishi kwa proksi, mi mwenyewe siku za harusi mbili mfululizo siwezi kusubiri, mteja anataka klipu ya dakika moja ya mtandaoni kesho yake asubuhi.

Kwahiyo kwa kazi yako mimi nasema 14700K, ile yenye grafiki. Na ukishaifunga ingia BIOS uwashe grafiki ya ndani, bodi nyingi zikiona kadi imechomekwa zinaizima kimyakimya, afu unakuja kulalamika hapa Quick Sync haionekani kwenye Premiere, ile programu ya kuediti.

timu_nyekundu
Haya sawa kwenye 4:2:2 nimewaelewa. Lakini soketi iliyokufa bado ni soketi iliyokufa, si bora asubiri hiyo mpya

fundi_Nyegezi
Hapo kidogo umegusa. Tunachojua ni kwamba Septemba 3 kule Berlin wamezindua Lunar Lake, za laptopu. Za desktopu, Arrow Lake, zinasemekana ziko karibu, soketi mpya ya LGA1851, DDR5 tu, na umeme watapunguza. Quick Sync itakuwepo. Ila kizazi kipya kikitoka Marekani, hapa Dar unakiona lini, na kwa bei gani? Bodi za kwanza ndo huwa ghali kuliko hata prosesa, za bei ya kati huja miezi kadhaa baadaye. Na hao wa zamani msitegemee watashuka siku ileile, mwenye duka aliyeingiza mzigo kwa bei ya juu anakaa nao mpaka ulipe. Na kuhusu soketi, mtu aliyekaa na kizazi cha nne miaka yote hii, mnadhani ataapgredi prosesa mwaka kesho? Atabadilisha vyote kwa mpigo kama anavyofanya sasa.

Msimu wa harusi Desemba huo. Angekuwa hana kazi ningemwambia asubiri, ana kazi.

kisalu_vidio
Desemba nina oda tayari, siwezi kusubiri. Naenda na 14700K yenye grafiki. Je niweke DDR4 niokoe hela? Na feni? Na umeme wa kwetu Kimara unajua wenyewe, nina UPS ndogo ya 650VA

fundi_Nyegezi
LGA1700 ina bodi za DDR4 na za DDR5, usichanganye, RAM haziingiliani. Ya DDR4 ina maana kama una DDR4 nzuri tayari. Wewe una DDR3 kwenye hiyo Dell, kwahiyo nunua DDR5, 32GB vijiti viwili, usinunue vinne.

Feni haiji nayo, za K zote zinakuja peke yake. Chukua kipozeo kikubwa cha minara miwili au cha maji cha 240 kwenda juu, na kwenye BIOS weka kikomo cha wati 125 mpaka 180 hivi badala ya kuiacha ikimbie 253. Kwenye kurenda utapoteza dakika chache, joto litashuka sana. UPS ya 650VA kwa prosesa hiyo na 3060 zikiwa zinarenda pamoja itapiga kelele na kuzima palepale, hapo unahitaji 1500VA, na hata hiyo ni ya kukupa muda wa kusevu, sio ya kumalizia kazi.

Kabla ya kutoa hela: boksi lenye sili, usikubali ile ya trei iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki hata kama ni mpya, waranti ya trei ni ya mwenye duka na mwenye duka anaweza kuhama. Soma namba iliyochongwa juu ya prosesa, ilingane na ya kwenye boksi. Na mwambie akuwashie palepale, ingia BIOS, toleo liwe la Agosti 2024 au baada ya hapo na kwenye maelezo yake waseme 0x129 au mpya zaidi. Kama siyo, aipandishe ukiwa umesimama hapohapo.

msee_wa_Luthuli
Na usikubali akuambie "utaupdeti ukifika nyumbani" 😂

Bi_Taimlaini
Ukishafunga niambie jinsi klipu za A7 IV zinavyokwenda, hasa kamera tatu kwa pamoja. Nina shoga yangu Tanga anauliza swali hilihili ila yeye ana Canon.