Naomba ushauri: sebule ya muonekano wa kijijini, mbao zinatoa unga

Wakuu habari za leo, naombeni msaada kidogo. Nimehamia kwangu huku Iringa, nyumba yenyewe ya kawaida tu, sasa sebuleni nimeamua niweke muonekano wa kijijini, makochi makubwa yale yanayong'aa mimi hapana. Ukutani nimeshatundika nyungo tatu na vikapu vya milulu (huku bei poa kabisa), chini mkeka wa ukili, na bibi kanipa pasi yake ya mkaa na mtungi, vimekaa pale dirishani vimependeza hatari.

Shida ni mbao. Meza nimeunga kwa paleti (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo), nilichagua zile zenye chata ya HT maana ndo zimepashwa joto kuua wadudu, zenye MB nikaziacha kwa sababu zimefukizwa dawa ya sumu. Ila kuna ubao wa mlango wa zamani nimeutoa kijijini nifanye shelfu, kila asubuhi nakuta unga unga chini, nahisi wadudu wamo ndani wanatafuna. Nipulizie nini jamani, dawa ya mchwa au mafuta ya taa yanatosha? Maana nina mtoto anatambaa.

Halafu fundi anang'ang'ania vanishi ya kung'aa, nikamwambia kaka hilo litakuwa jeneza sasa! Aliyewahi kupaka mafuta ya kitani au nta ya nyuki anisaidie, inadumu? Na vumbi kwenye nyungo mnasafishaje?

Mama mkwe anakuja Jumamosi, kashaniuliza kwa simu kama nimefungua stoo.