Ducati 900SS ya kabureta au Moto Guzzi Le Mans III, ipi itaishi Uganda?

Kijana_wa_Bugolobi
Habari zenu wakubwa. Nimeendesha pikipiki za Kijapani miaka yote na sina neno nazo, lakini sasa moyo unataka Muitaliano wa zamani na nimebaki na mbili tu mezani. Ya kwanza Ducati 900SS ya 1994, nyekundu, iko Nairobi, mwenyewe ni mzungu anarudi kwao. Ya pili Moto Guzzi Le Mans III ya 1982, iko hapahapa Kampala, imelala nyumbani kwa mtu muda mrefu, saa hii haiwaki lakini imekamilika mpaka vioo. Bei zinakaribiana. Matumizi yangu ni Jumapili asubuhi Masaka Road mpaka Ikweta pale Kayabwe, mara mojamoja Fort Portal, na Krismasi nyumbani Tororo ambako mwisho wa safari ni murram. Sitaki pambo la sebuleni, nataka kuendesha. Nishaurini, na kama kuna ya tatu sijaiona semeni.

Makanika_Ndeeba
Karibu ssebo. Mi naanza na injini maana rangi utaizoea wiki moja. Hiyo 900SS ni cc 904, silinda mbili, inapozwa na upepo na oili, na vali zake ni desmo, yaani haitegemei springi kurudisha vali kama injini nyingine, kuna mkono unaofungua na mkono mwingine unaofunga. Vali ziko nne lakini nafasi za kupima ziko nane. Na ule upande wa kufunga huwezi kukaza skrubu ukamaliza, unahitaji vibati vya unene tofauti, na kuna vile vipete vidogo vya nusunusu vinavyoshika kibati kwenye shina la vali, vikishalika nafasi inafunguka tena hata kama jana ulipima sawa. Kazi hiyo naiweza, lakini vibati vyenyewe hapa mjini hakuna duka linaloweka, unaagiza Ulaya unasubiri.

Halafu mabelti. Camshaft inazungushwa na mabelti mawili ya mpira, badilisha kila miaka 2 hata kama pikipiki ilikuwa imesimama, mpira unazeeka tu. Belti likikatika ukiwa spidi vali inakutana na pistoni na hapo hakuna cha kuokoa.

Sasa Guzzi. Cc 844, vali zinasukumwa na fito, hedi zote mbili zimetokeza nje kushoto na kulia. Unafungua kifuniko, unaweka pistoni juu, unapitisha fila ya kupima nafasi, unalegeza nati unageuza skrubu unakaza, umemaliza upande mmoja. Hutoi tangi, hutoi feringi, na shafti badala ya cheni. Kijana yeyote aliyewahi kutuni vali za gari la zamani anaifanya. Kwa murram ya Tororo mi nasema Guzzi bila kufikiri mara mbili.

BintiMbale
Kaka Makanika nakuheshimu lakini umeifanya Ducati iwe kama ugonjwa. Mi ninayo 900SS, nimeipandisha Kapchorwa na kuishusha, na nikikwambia kona za ule mlima ziko kama zilichongwa kwa ajili ya hiyo fremu amini. Ni karibu kilo 180 bila petroli, Guzzi inapita 200, na ukiwa unaigeuza kona baada ya kona hizo kilo unazihesabu mabegani. Nguvu inaanza chini kabisa huhitaji kuikamua.

Mabelti nabadilisha mwenyewe nyumbani. Vifuniko viwili vya plastiki, unapanga alama, unalegeza rola, unavisha jipya, unapima mkazo. Yanaagizwa yanakuja kwa bahasha. Tena desmo ikishakaa vizuri haihami ovyo, watu wanaogopa jina tu.

Ila nitakuwa mkweli kwa yale ya kuangalia, maana 900SS za mwanzo wa miaka ya 90 zina mambo yao. Boliti ndefu zinazoshika silinda zilikuwa zinakatika, muulize kama zimebadilishwa. Angalia fremu karibu na kichwa cha usukani, pitisha kidole na tochi kwenye welding utafute ufa. Regulator ya chaji ikifa betri inakufa nayo. Klachi ni kavu, italia kengele kengele ukiwa umesimama, hiyo ni sauti yake wala si ubovu. Na stendi ya pembeni ikiinuka kidogo inajikunja yenyewe, ukiiacha mahali penye mteremko utaikuta chini. Kwa lami yako ya Masaka na Fort Portal, Ducati.

Musafiri_Busia
Nyinyi mnazungumza injini, mi nazungumza mpaka. Tangu ile sheria ya 2018 Uganda haipokei gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Hiyo Ducati ni ya 1994 na ina namba za Kenya. Kwa hiyo kabla hujamtumia mzungu hata shilingi ya kumshikia, andikia URA, mamlaka ya mapato, uulize pikipiki ya mwaka huo inaingia kundi gani na upewe jibu la maandishi. Jibu la mdomo la ajenti hapa mpakani si jibu. Nimeshaona watu wakiambiwa "leta tu tutaona" halafu mali inalala yadi inahesabiwa siku na hela ya kulaza inapanda kila asubuhi. Guzzi tayari iko ndani, ina namba za Uganda, hapo unabaki kubadilisha jina tu. Mi kwangu mjadala umeishia hapo.

Kijana_wa_Bugolobi
Hiyo ya mpaka sikuwa nimeiwaza kabisa, asante mzee. Kesho naandika hiyo barua. Sasa kwa Guzzi nimesoma breki zake zimeunganishwa, ukikanyaga mguu na ya mbele inashika. Hiyo kwenye murram si ni hatari? Na watu wengi naona wanatoa boksi la hewa wanaweka mabomba wazi kwenye kabureta, inafaa?

Arua_Kwa_Mbali
Hapo kwa boksi la hewa acha niseme kwa nguvu kwa sababu hapa kwetu West Nile vumbi ndio hewa tunayopumua. USITOE. Le Mans III silinda zake zimepakwa Nigusil, mpako mwembamba mgumu sana wa nikeli, na hata hiyo 900SS imepakwa mpako wa jamaa hiyohiyo. Huo mpako hauna oversize, huwezi kwenda Katwe ukaambiwa tupige boring tuweke pistoni kubwa kama tunavyofanya kwa injini nyingine. Ukiisha umeisha, unanunua silinda na pistoni mpya au unazipeleka nje kupakwa upya. Na kinachoumaliza haraka kuliko kitu chochote ni mchanga unaoingia kupitia kabureta. Zile picha za kabureta za Dell'Orto zilizo wazi zenye midomo ya kung'aa ni za uwanja wa mashindano na barabara za kwao ambazo zimeoshwa na mvua, huku unavuta vumbi la lori lililokutangulia kilomita nzima. Acha boksi, weka filta nzuri, ibadilishe mapema.

Pesa ya kuongeza mapambo weka kwenye umeme. Le Mans III inatumia platini mbili, toa weka ignition ya elektroniki, inawaka kirahisi na inatulia ikinguruma umesimama. Badilisha na hosi za breki, za mpira za mwaka huo zimeshavimba ndani, weka za waya wa chuma. Shokapu za nyuma pia. Basi, hizo tatu zinatosha, pikipiki itakuwa nyingine.

Na jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, usisahau. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, ukipanda Kabale unakaribia 2,000, hewa ni nyepesi na petroli inazidi. Soma plagi, zikiwa nyeusi kama masizi shusha jeti kubwa namba moja au mbili.

Makanika_Ndeeba
Nakuunga mkono Arua, silinda za namna hiyo nimeletewa zimeshachubuka na mwenyewe anauliza boring shilingi ngapi, inauma kumwambia.

Kuhusu breki. Pedali inashika diski ya nyuma na moja ya mbele, ile ya kushoto, na kuna vali inayogawa nguvu. Mkono wa kulia unashika ile nyingine ya mbele peke yake. Kwenye lami ni nzuri mno, mtu akikatiza mbele yako na boda unakanyaga tu na pikipiki inakaa chini sawasawa haipigi mbizi. Kwenye murram kavu yenye kokoto ndo inahitaji adabu, ukikanyaga kwa hasira tairi la mbele linateleza. Wapo wanaotenganisha, mi nashauri uiache kwanza, uizoee mwendo mdogo, murram punguza spidi mapema kwa gia. Lile injini linavuta nyuma vizuri ukiachia mafuta.

Lingine usishtuke: ukiwa umesimama ukivuta mafuta pikipiki inainamia kulia. Krenki imelala kwa urefu wa pikipiki ndo maana. Ukishatembea huisikii.

BintiMbale
Sawa, kama URA wakikataa Ducati basi chukua Guzzi na sitakuonea huruma maana ni pikipiki nzuri. Ile fremu ya Lino Tonti ya 1971 ndo hiyohiyo ipo chini ya Le Mans, imenyooka haiyumbi kwenye kona ndefu. Na injini yenyewe ukoo wake unatoka V7 ya miaka ya 60, polisi wa Italia na hata wa California waliziendesha, ndo sababu spea zake mpaka leo zinatengenezwa. Ila usinunue Le Mans IV ukiiona, ile ina rimu ya mbele ya inchi 16 na watu wengi walihangaika kuirudisha kwenye 18.

Umeuliza ya tatu. Moto Morini 3½, cc 344, V ndogo tamu, nyepesi kama baiskeli, lakini spea zake ni za kutafuta kwa tochi. Ikiwa ndo pikipiki yako pekee, hapana.

Kijana_wa_Bugolobi
Nimewasikia wote. Barua naiandika, lakini akili imeshahamia kwa Guzzi. Makanika, Jumamosi unaweza kunisindikiza? Niandae nini?

Makanika_Ndeeba
Nipo. Mwambie mwenyewe ASIJARIBU kuiwasha kabla hatujafika, injini iliyolala inaweza kuwa na kutu kwenye ringi na akipiga stata kavu anakwangua ule mpako anaousema Arua. Tutatoa plagi, tumwage oili kidogo ndani ya kila silinda, tuache iloweke, tuizungushe kwa mkono taratibu. Ikizunguka laini tunapima kompresheni, na pande zote mbili zinatakiwa zikaribiane. Tutamulika tangi ndani, petroli ya zamani inageuka gundi na kabureta zote mbili zitafunguliwa hata kama anasema ziko safi. Gurudumu la nyuma tutaliinua tulizungushe mbele nyuma tusikilize joint ya shafti, ikigonga "tok tok" tunashusha bei. Tutazame na sili kati ya injini na klachi, klachi yake ni kavu kama ya gari, oili ikiingia huko ni kushusha giaboksi yote.

Wewe njoo na betri nzuri iliyochajiwa na petroli mpya kwenye jerikeni ndogo. Na logibuku aitoe mezani kabla sijashika spana, tulinganishe namba ya fremu na ya injini na zilizoandikwa humo, zisipofanana nazo tunarudi nyumbani.